Apu ya mvinyo inaniuliza nilipo, halafu inanipangia chupa ambazo duka halina

Wakuu,

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kuniambia "si ungemuuliza muuzaji". Nimemuuliza, tena ndiye aliyenifumbua macho, ila nilikuwa nimeshaharibikiwa.

Juzi nilisimama mbele ya rafu ya mvinyo dakika 40, simu mkononi. Nilitaka chupa moja tu, mvinyo mweupe mkavu (yaani usio mtamu), wa kumpelekea mtu aliyenitendea wema mkubwa na ambaye mvinyo mtamu haupiti kooni mwake. Mimi si mjuzi wa mvinyo na sijawahi kujifanya mjuzi. Ndiyo maana nilipakua apu. Inatangazwa kuwa ni kwa ajili ya watu kama mimi: piga picha lebo, ujue ulichoshika.

Nikapiga picha lebo ya Riesling, mvinyo mweupe wa Ujerumani. Sekunde mbili tu, likaja jina la mtengenezaji, picha ya chupa, nyota 4.2, na chini yake neno "mkavu". Nikalipia. Jioni mwenyeji wangu akafungua, akamimina, akaonja. Akatabasamu kwa heshima, akaweka glasi mezani, na hakuigusa tena. Nilipoonja mwenyewe nikaelewa. Ulikuwa mtamu mpaka meno yanauma.

Kesho yake nikarudi dukani na chupa tupu. Muuzaji hakuhitaji hata simu. Akaniwekea kidole kwenye lebo: Spätlese, kilevi asilimia 8. Akanieleza kwamba Spätlese maana yake ni zabibu zilizochelewa kuvunwa. Neno hilo linaeleza zabibu ziliiva kiasi gani, halikuambii mvinyo wenyewe ni mtamu au mkavu. Ukiutaka mkavu unatafuta neno trocken, na huo kwa sheria yao hauzidi gramu 9 za sukari kwa lita. Na kama huoni trocken, tazama kilevi. Riesling mkavu kwa kawaida hufika 11, 12 au zaidi. Ikiwa 8, basi sehemu kubwa ya sukari ya zabibu haikugeuka kilevi, imebaki humo ndani ya chupa. Maelezo ya nusu dakika, na sitayasahau maisha yangu yote.

Sasa sikilizeni apu ilifanya nini. Mtengenezaji yule ana chupa mbili zenye lebo pacha: rangi ile ile, mchoro ule ule, herufi zile zile. Moja ina neno trocken kwa maandishi madogo, nyingine haina. Apu hizi kazi yake kubwa ni kulinganisha picha uliyopiga na picha za lebo ilizohifadhi, na kusoma maneno inayoweza kuyasoma. Ikaona mfanano, ikachukua ile yenye maoni mengi zaidi, ikaniletea pacha asiye wake. Haikusema "sina hakika". Haikuniwekea zote mbili nichague. Ilinijibu kama inayojua. Kukosea nakuelewa, hata binadamu anakosea. Kinachoniudhi ni kumjibu kwa uhakika mtu ambaye amekufuata kwa sababu hajui.

Haya, njooni kwenye kitufe kinachonichoma kuliko vyote: "Karibu nawe".

Tangu siku ya kwanza apu iliomba ruhusa ya kujua mahali nilipo. Nikaruhusu, maana bila hivyo itaniambiaje duka lipi lina nini? Siku ile ile ya mkasa, kabla ya Riesling, nilikuwa nimekibonyeza kitufe hicho. Ikaleta chupa 10 "zinazokufaa karibu nawe". Nikazitafuta moja moja kwenye rafu ile, juu mpaka chini, nikasogeza hata chupa za mbele nione za nyuma. Haikuwepo hata moja. Hapo ndipo dakika 40 zilipokwenda. Ukibonyeza jina la chupa yoyote unapelekwa kwa muuzaji wa mtandaoni anayesafirisha mizigo. Kumbe kwao "karibu" ni popote gari la mizigo linapofika!

Sababu yake haina siri. Ili apu ijue rafu ya duka la jirani ina nini, duka lazima liunganishe hesabu ya stoo yake na apu, na hesabu hiyo ibadilike kila chupa inapotoka. Maduka madogo mengi hayana mfumo huo. Muuzaji wa mtandaoni yeye anatuma orodha nzima kwa mkupuo, na ukinunua kwake kupitia apu, apu inakatiwa kamisheni. Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki. Nina ugomvi na maandishi. Kama orodha ni ya wanaokulipa, andika ni ya wanaokulipa. Usichukue ramani ya mahali niliposimama ukaitumia kunipa matangazo, kisha ukayaita ushauri.

Na hapo kwenye kuchukua taarifa za watu kuna jambo linaloniongezea hasira. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba mvinyo uliotengenezwa kuanzia tarehe 8 Desemba 2023 lazima uonyeshe viambato na taarifa za lishe, na mtengenezaji anaruhusiwa kuweka maelezo kamili nyuma ya msimbo wa QR kwenye lebo. Sheria hiyo hiyo inakataza kukusanya taarifa za anayeskani au kumfuatilia, na inakataza kuchanganya ukurasa ule na mambo ya kuuza na kutangaza. Kwa hiyo kwenye chupa ile ile kunaweza kuwa na mraba mdogo unaokupa viambato bila kukuuliza jina wala mahali, na wewe unauruka, unafungua apu inayotaka kujua ulipo, majina ya marafiki zako kwenye simu na barua pepe yako. Skanini ule mraba kwanza, jamani. Hauna nyota, lakini ukiona gramu za sukari pale, umepata jibu ambalo apu yangu ilishindwa kunipa.

Kuhusu tafsiri nitasema kwa kifupi, ingawa ilitosha kuwa uzi wake peke yake. Kwenye mvinyo wenye povu, lebo ikiandikwa Extra Dry, apu yangu inaandika "mkavu zaidi". Ni kinyume! Kwa vipimo vya Ulaya, Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina gramu 12 hadi 17. Yaani anayekimbia sukari akifuata tafsiri ya apu anaacha Brut na kuchukua iliyo tamu kuliko Brut. Aliyetafsiri alitafsiri neno, hakuuliza chupani kuna nini.

Halafu mwaka wa mavuno. Mara nyingi namba ya msimbo pau haibadiliki mavuno yakibadilika, na kuna chupa ambazo mwaka umechapwa kwenye kikaratasi cha shingoni ambacho kamera haikukilenga. Apu isipouona mwaka inakupa wastani wa miaka yote, na hiyo nyota unayoiona ni ya chupa za watu wengine. Bordeaux (mvinyo wa eneo hilo la Ufaransa) ya 2010 na Bordeaux ya 2013 si kitu kimoja hata kama lebo ni ile ile. Mwaka 2010 zabibu ziliiva vizuri. Mwaka 2013 baridi na mvua ziliwatesa wakulima tangu maua mpaka mavuno. Kwa Champagne isiyoandikwa mwaka sina neno, ile kwa kawaida huchanganywa mavuno ya miaka tofauti makusudi ili ladha isiyumbe. Lakini chupa yenye mwaka ipewe nyota za mwaka wake, na kama hazipo iandikwe hazipo.

Nitoe haki panapostahili. Apu imenifundisha kitu kimoja cha maana: lebo nyingi za Ufaransa na Italia zinataja mahali, hazitaji aina ya zabibu. Ni apu iliyonionyesha kwamba Chablis ni Chardonnay, kwamba Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, kwamba Barolo ni Nebbiolo. Hilo ni la kweli kila siku, halitegemei nyota wala kamisheni, na linamsaidia mtu aliyesimama mbele ya rafu. Na kuna kile kipengele cha kupiga picha rafu nzima, kila chupa ikaandikiwa alama yake juu. Wazo lenyewe ndilo hasa, kwa sababu linaanza na kilichopo. Wangelitia nguvu hilo wakaachana na kuniletea chupa zilizo kwenye ghala la mbali.

NYONGEZA: Naona wadau wawili watatu wananiambia "nyota za maelfu ya watu haziwezi kudanganya". Ndugu zangu, Robert Hodgson, mtengeneza mvinyo wa California aliyewahi kuwa profesa, alichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu majaji wa shindano kubwa la mvinyo la jimbo hilo. Majaji walimiminiwa mvinyo mmoja mara tatu, kutoka chupa ile ile, bila kujua. Karibu jaji mmoja tu kati ya 10 ndiye aliyeweza kuupa alama zinazokaa kwenye daraja moja la medali. Hao ni watu waliochaguliwa kwa ujuzi wao. Sasa wastani wa watu waliokunywa kwenye sherehe, wengine wakinywa mvinyo uliopata joto, utaniambia nini kuhusu chupa iliyokaa wiki nyingi wima chini ya taa kali kwenye duka nililosimama mimi? Wastani unaniambia wengi wameupenda. Mimi sikuuliza wengi wanapenda nini, niliuliza kama una sukari.

Nimewaandikia wenye apu mara mbili, nikaambatanisha picha za lebo zote mbili pacha, nikazungushia duara neno trocken. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine, linanishukuru kwa maoni na kuniomba niipe apu nyota 5. La pili halijaja.

Anayejua apu inayokubali uiambie "nina chupa hizi 12 mbele yangu, nataka iliyo kavu" ikajibu kwa hizo 12 tu, hata kama haina intaneti, aiweke hapa, nitaijaribu mwenyewe na kuleta majibu. Na kama humu yumo anayeandika programu za namna hii, sitaki anieleze ugumu wa kutambua picha, nakubali ni kazi ngumu. Anijibu hili tu. Asilimia 8 ilikuwa imechapwa chini ya lebo ile ile niliyopiga picha, na ukurasa wa apu ulikuwa umeandika 12. Kwa nini haikulinganisha namba mbili kabla ya kuniambia ni mkavu?