Mtengeneza taksi (kodi ya mapato) kaniwekea mtoto asiye wangu na biashara nisiyo nayo, sasa hela ya wanangu imezuiwa

Jamani habari zenu. Nimetoka shifti ya usiku sijalala, makosa ya kuandika mnisamehe, ila hili nimelibeba wiki tatu na leo limenifika shingoni.

Mi niko Kentucky, tulikuja toka kambi ya Nyarugusu 2016, nalea watoto wawili peke yangu na nafanya kiwanda cha kuku, upande wa kukata mapaja, baridi ya mle ndani mikono inakufa ganzi mpaka asubuhi. Mwaka 2024 W-2 yangu, ile karatasi ya mshahara wa mwaka mzima, ilitoka dola 27,400. Mtu wa hivyo ndo ile kredit ya kodi ya wanaofanya kazi kipato kidogo, EITC, imewekwa kwa ajili yake tangu 1975. Si sadaka wala si fudstampu, usipofanya kazi huipati. Kwa mapato ya 2024 juu kabisa ilikuwa 4,213 mtoto mmoja, 6,960 wawili, 7,830 watatu kwenda juu, halafu mshahara ukipanda inaanza kupungua. Kwa mshahara wangu na wanangu wawili nilikuwa napata kama 5,970, haki yangu kabisa, na hapo bado ile nyingine ya watoto.

Sasa kuna jamaa hapa kwetu anafaili watu taksi sebuleni kwake, anaongea Kiswahili, tunasali naye, tunakutana naye misibani. Nikaenda mwisho wa mwezi wa kwanza na W-2 yangu na kadi za soshal za watoto. Akaniuliza mwaka jana ulikaa na nani nyumbani, nikamwambia mimi na wanangu, na mtoto wa dada yangu alikuja likizo ya shule miezi miwili. Akaandika andika kwenye laptopu, akasema mama tulia, mwaka huu nakutolea nyingi, hela utaiona wiki ya kwanza ya Februari. Na hapo tu ningeshtuka, maana sheria ya 2015 inasema rifandi (hela ya kodi unayorudishiwa) yenye hiyo kredit haitoki kabla ya katikati ya Februari, awe nani. Nikampa dola 700 keshi. Kopi hakunipa, alisema ataituma WhatsApp.

Februari ikaisha kimya. Mwezi wa tatu barua ya IRS, watu wa kodi, ikaja, CP75, rifandi imesimamishwa mpaka nithibitishe watoto nimekaa nao, na siku zimehesabiwa, 30. Siku hiyohiyo dada yangu ananipigia analia, taksi yake imekataliwa, mtoto wake keshatumiwa na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni mimi! Namba ya soshal ya mtoto jamaa aliitoa wapi? Mwaka wa nyuma yeye ndo alimfaili dada yangu, alikuwa nayo kwenye laptopu. Mtoto lazima aishi kwako zaidi ya nusu mwaka, miezi miwili ya likizo haimfanyi kuwa wako, na hilo yeye analijua kuliko mimi.

Nikamkalia mpaka akatoa hiyo kopi. Kumbe nina biashara ya kusuka nywele, na imepata hasara ya dola 4,700. Mi kusuka sijui, wanangu mwenyewe nawapeleka kwa jirani. Binti mmoja wa maktaba, pale wanapofaili watu bure (mpango wa VITA, msimu wa 2025 ilikuwa kipato chini ya kama 67,000), ndo alinionyesha ile hasara inafanya nini: inashusha mapato yangu mpaka pale kredit inapojaa yote 7,830. Halafu akafungua ukurasa wa pili wa 1040, fomu yenyewe ya taksi, chini kabisa, akaweka kidole kwenye kisanduku cha mtengenezaji. Kitupu. Hakuna jina, hakuna sahihi, hakuna namba ya PTIN, ile IRS inayompa mtengeneza taksi. Anayelipwa kufaili ni lazima asaini na aweke hiyo namba na akupe kopi. Karatasi yote inasema nimejitengenezea mwenyewe, sahihi iliyopo ni yangu tu.

Nilipomuuliza akasema "dada, mi nilikuwa nakusaidia." Kunisaidia! Nikionekana nilizembea nazuiwa hiyo kredit miaka 2, nikionekana nimedanganya kusudi ni miaka 10. Miaka kumi mwanangu wa mwisho atakuwa kamaliza shule. Yeye keshakula 700 zake. Na kinachoniuma mpaka usingizi unakata ni kwamba uongo wenyewe haukuhitajika, ile 5,970 ilikuwa yangu safi, shule ilinipa barua ya wanangu wawili siku moja tu, ina nembo, jina, adresi na tarehe, ningeituma na yangekwisha.

Sasa hivi nina mwanasheria wa kliniki ya walipakodi wa kipato cha chini, hanitozi kitu, tumejibu barua na ukweli wote, huyo mtoto wa tatu atolewe na biashara ifutwe. Dada yangu bado hapokei simu yangu.

Wenye kopi zenu angalieni hicho kisanduku leo, na kama huna kopi kaidai kwake. Na kama kuna aliyewahi kujaza fomu ya 14157-A ya kumshtaki mtengenezaji aliyebadilisha taarifa zako, naomba aniambie aliambatanisha nini, yangu naipeleka Jumatatu.