Kijana wa PCB kutoka Kasulu: tuanze na chuo au tuanze na mkopo?

mlezi_kasulu

Wakuu habari za leo. Tuna kijana amemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB, amepata Fizikia D, Kemia C, Biolojia C. Amesoma shule za serikali mwanzo hadi mwisho. Baba yake amefariki, mama anauza mawese na dagaa hapa Kasulu. Anautaka udaktari chuo cha umma, ila ualimu wa sayansi au kozi nyingine ya afya hakatai.

Naomba kujua: mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu unaombwa kabla ya kupata chuo au baada? Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Yusufu, Baraza la Mitihani (NECTA) wameandika Yusuph, je itasumbua? Cheti cha kifo cha baba hatuna, tuna kibali cha mazishi tu. Na siku ya kwenda kuripoti chuo awe na shilingi ngapi mkononi? Nitashukuru kwa hesabu kamili, maana mama inabidi aanze kuweka akiba leo.

---

Karani_Ujiji

Mkuu, mkopo na chuo vinaombwa sambamba. Dirisha la mkopo miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa mwezi Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, wakati majina ya waliochaguliwa vyuoni yanakuwa bado yanatoka kwa awamu. Anayesubiri apate chuo kwanza anakuta mlango wa mkopo umeshafungwa. Mfumo wa Bodi, OLAMS, unamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na vyuo navyo vinapeleka majina kwa namba hiyo hiyo. Mwisho wa safari kompyuta inavilinganisha. Kwa hiyo namba atakayoandika kwenye maombi ya chuo iwe ileile ya kwenye mkopo. Kama aliwahi kurudia mtihani wa kidato cha nne, aziandike namba zote anapoulizwa. Wapo wanaopangiwa chuo na maombi ya mkopo yamekamilika, lakini kwenye orodha hawaonekani, na chanzo ni namba mbili tofauti.

Sasa vyeti, na hapa ndipo watoto wengi wa mkoa wetu wanapokwama. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Uhakiki unafanyika mtandaoni: unapakia nakala safi ya cheti, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kisha unapewa namba ya uhakiki ambayo ndiyo utaingiza kwenye fomu ya mkopo. Msimu ukichanganya majibu yanachelewa, kwa hiyo hili lianze kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuhusu Yusufu na Yusuph: isahihishwe. Mfumo unavuta jina kutoka NECTA, na kubadilisha jina la NECTA ni kazi ngumu. Kinachorekebishika ni cheti cha kuzaliwa, kifuate jina la cheti cha shule. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, pale kwa msajili wa vizazi na vifo, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo inaandikwa kwa wakili au hakimu. Hata kama marekebisho yatachelewa, nakala ya hati ya kiapo aiweke, ataihitaji tena benki na chuoni.

Kibali cha mazishi Bodi hawakipokei. Wanataka cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa RITA. Kifo kikipita siku 30 bila kusajiliwa kinahesabiwa kimechelewa, lakini bado kinasajiliwa: mnapeleka hicho kibali cha mazishi, barua ya mtendaji na kitambulisho cha ndugu anayetoa taarifa. Muwe macho na jambo moja: jina la baba kwenye cheti cha kifo lifanane herufi kwa herufi na jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Karani akiandika Ramadhan huku kwingine kuna Ramadhani, uyatima wa mtoto unakuwa hauna ushahidi. Someni cheti hapo hapo dirishani kabla hamjatoka.

---

Mwl_Milambo

Niseme kuhusu udahili, fomu za mkopo ameshazigusa ndugu hapo juu.

Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kijana wenu ana 8 kwa masomo matatu. Kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada ni masomo mawili ya ngazi ya juu yenye jumla ya pointi 4, hapo amevuka vizuri. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote, kila moja isipungue D, jumla pointi 6. Kwa maana ya sifa, anazo. Kwa maana ya ushindani, mwambieni ukweli mapema: nafasi ni chache, na anayeomba MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na pointi 8 anapambana na watoto wenye 12 na 13. Kuwa na sifa ni ruhusa ya kuingia kwenye foleni tu.

Kwa hiyo asijaze udaktari kila mstari. Vyuo vingi vinampa mwombaji kuchagua kozi kadhaa kwa mpangilio wa kipaumbele, na ada ya maombi ni 10,000 kwa chuo. Achague vyuo viwili au vitatu. Udaktari auweke wa kwanza anakotaka, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa mfano, halafu uuguzi, maabara, na chini ualimu wa Biolojia na Kemia. DUCE ya Dar es Salaam na Mkwawa ya Iringa zote ziko chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na zinafundisha walimu. Kila kozi sifa zake zimeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha mwaka husika, kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Asitumie cha mwaka jana. Na kwa kuwa watu wa Kigoma wengi macho yao yako Mwanza: Bugando ni chuo cha kanisa, si cha umma, na ada yake iko mbali sana na ya MUHAS au UDOM.

Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake, ndani ya siku zilizotangazwa. Akikaa kimya anapoteza nafasi zote, na awamu ya pili inabaki na makombo.

---

DadaKibirizi

Naongezea kwenye simu. Msiende steshenari mkamwachia kijana wa pale ajaze kwa namba yake na barua pepe yake. Namba ya kuthibitisha chuo inakwenda kwa mwenye simu, na nywila ya mkopo anabaki nayo yeye. Laini iwe ya mwanafunzi mwenyewe, imesajiliwa kwa jina lake, na asiibadilishe mpaka amalize mwaka wa kwanza. Nywila aziandike kwenye daftari nyumbani.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano: ada ya kozi 1,300,000 kwa mwaka. Vyuo vya umma ada nyingi zinacheza kati ya milioni moja na milioni moja na nusu, kozi za afya ndizo hupanda. Bodi haimlipii kila mtu ada yote. Tuseme amepangiwa asilimia 70 ya ada, hiyo ni 910,000. Inabaki 390,000 ya familia, nayo kwa kawaida inagawanyika kwa mihula miwili, yaani 195,000 kila muhula.

Halafu kuna michango ambayo mkopo hauigusi: TCU 20,000, bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, na vingine vya chuo kama usajili, mitihani, kitambulisho na serikali ya wanafunzi, ambavyo kila chuo kina bei yake kwenye fomu ya kujiunga. Wekeni 100,000 kwa hivyo vya chuo. Hosteli ya muhula wekeni 100,000 nyingine, mkishapata fomu mtarekebisha. Chakula cha mwezi mzima kwa 5,000 kwa siku ni 150,000.

Jumlisha: 195,000 + 70,400 + 100,000 + 100,000 + 150,000. Inakuja 615,400, bila nauli, godoro na ndoo. Mama alenge laki saba.

Kwa nini mwezi mzima wa chakula wakati boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lipo? Kwa sababu boom haliji siku ya kuripoti. Mwanafunzi anajisajili, chuo kinapeleka orodha ya waliosajiliwa, fedha inafika, halafu ndipo anasaini kwa alama ya kidole na kuingiziwa kwenye akaunti. Anayechelewa kujisajili kwa kukosa michango ya mwanzo anachelewa na boom pia, na hapo anazunguka: hana hela ya kujisajili, na hela ya mkopo inamsubiri ajisajili. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, mtoto mkopo anao kwenye mfumo na analala njaa Dodoma. Akaunti ya benki aifungue kabla ya kuondoka Kasulu, jina liwe lile la NECTA.

Likishakuja, chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, linalipwa kwa mafungu ya siku 60, yaani 600,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Fungu la kwanza asilimalize na simu mpya.

---

mlezi_kasulu

Mungu awabariki. Nimeandika kila kitu. Mama yumo kwenye kaya za TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, hiyo inasaidia? Na mdhamini awe nani, mjomba wake bado hajapata namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Halafu makato ya kurudisha yakoje?

---

Karani_Ujiji

TASAF inasaidia sana, ndiyo moja ya vigezo vya uhitaji. Chukueni namba ya kaya kwa mratibu wa TASAF halmashauri, iingizwe kama ilivyo, tarakimu isiruke. Kijana akisema tu "tuko TASAF" bila namba haihesabiki. Pia fomu inauliza shule alizosoma na nani alimlipia, ajaze ukweli. Wapo wanaoficha shule binafsi ili waonekane maskini zaidi, wakigundulika wanaondolewa kabisa.

Mdhamini si lazima awe na NIDA. Kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria vinakubalika. Kwa wilaya zetu za mpakani, ambako namba ya NIDA inaweza kuchukua muda mrefu, kadi ya mpiga kura ndiyo mkombozi. Mama mwenyewe anaweza kuwa mdhamini.

Ada ya maombi ya mkopo ni 30,000, hairudishwi. Akishajaza, anachapa fomu na mkataba. Zipite kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji asaini na kugonga muhuri, mdhamini asaini na kubandika picha, kisha wakili au hakimu. Sahihi ya mwombaji iwekwe mbele ya huyo wa viapo. Muhuri uliofifia unarudisha fomu, mwambieni mwenyekiti aongeze wino. Kurasa zenye sahihi zipigwe skana ya rangi. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haisomeki. Na baada ya kupakia, abonyeze kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Kila mwaka wapo wanaopakia kila kitu na kuacha hapo.

---

Mwl_Milambo

Makato: akiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mshahara wa 800,000 unakatwa 120,000. Kuna miezi 24 ya kujipanga baada ya kumaliza masomo. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na faini ya asilimia 10 vilifutwa mwaka 2021, ipo asilimia 1 ya uendeshaji. Asiyeajiriwa naye anatakiwa kuanza kulipa, asisubiri ajira.

Na akipangiwa kidogo au akakosa, dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za kupanga. Rufaa inaenda na ushahidi mpya; kurudia karatasi zilezile hakubadilishi kitu. Ndiyo maana cheti cha kifo mkikipata hata kwa kuchelewa, msikate tamaa, kitatumika huko.

---

mlezi_kasulu

Jumatatu asubuhi naenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya na kibali cha mazishi. Marehemu alifia Tabora, hospitali ya Kitete, akazikwa huku kwetu Kasulu.

---

Karani_Ujiji

Basi usianzie Kasulu mkuu. Kifo husajiliwa kwenye wilaya mtu alikofia, na taarifa ya hospitali iko Kitete. Atakayekwenda awe ndugu wa karibu mwenye kitambulisho, achukue barua ya mtendaji hapo Kasulu ikitaja tarehe ya kifo na alipozikwa, abebe kibali cha mazishi halisi na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kijana ili jina la baba linakiliwe kutoka hapo. Hospitali aanzie ofisi ya kumbukumbu, awatajie tarehe na wodi, wampe taarifa ya kifo, ndipo aende kwa msajili wa Tabora. Suala la Yusufu lifanyeni Kasulu siku hizohizo wakati mwenzenu yuko njiani.