Samadi inaingia mtoni, mkaguzi anafika maji yameshatakata

Wakuu, kila mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa shamba lililo juu yetu unamwaga samadi mtoni. Jana niliinama pale: povu la kahawia, na vidagaa vinahema juu ya maji. Inauma. Nimeripoti mara mbili. Mkaguzi alikuja baada ya siku 9. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Samaki wakihema juu, mara nyingi oksijeni majini imepungua sana. Bakteria wanaoozesha samadi wanaitumia. Chukua sampuli mbili siku hiyohiyo, moja mtoni juu ya pale mfereji unapoingia na nyingine chini ya hapo. Chupa safi, andika saa, weka kwenye barafu. Ukipeleka ya chini peke yake, mwenye shamba atasema uchafu umetoka kwingine.

Jibu: Mimi mfugaji. Faini baada ya samaki kufa haisaidii kitu. Shimo la kuhifadhia samadi likiwa dogo, linafurika tu. Mkaguzi apime shimo wakati wa kiangazi.

Muulizaji: Asanteni. Shimo lao naliona kutoka hapa, limebakiza kiganja kimoja lijae. Naripoti leo, kabla mvua nyingine haijanyesha.