Naomba ushauri: ufunguo uko ndani ya gari, na kitasa kimeganda kwa chumvi

Wakuu, habari za Tanga. Gari dogo la Kijapani, limeegeshwa Raskazone, na kipupwe hiki upepo wa kusi unalimwagia chumvi usiku kucha. Rimoti imebaki kwenye kiti, milango yote imejifunga. Ufunguo wa akiba upo, chuma kitupu: unaingia kitasa cha dereva hadi nusu tu, kisha unagoma. Kulazimisha sitaki, ukikatikia humo ni kufumua silinda nzima.

Nimepuliza WD-40 (mafuta mepesi ya kopo ya kulegeza vilivyoganda) na kuusukuma taratibu, unatoka na vumbi la kijani, yaani shaba imeliwa. Oili ya injini sitii, inashika mchanga.

Fundi mmoja anataka kupitisha bati chini ya raba ya kioo. Naogopa nyaya za mlangoni na fimbo ya kitasa kuchomoka. Naona bora kabari ya plastiki pembe ya juu ya mlango, kitambaa chini yake kulinda rangi, kisha waya mgumu wa kama mita moja ubonyeze swichi ya kufungulia.

Je, swichi hiyo inafanya kazi gari likiwa limefungwa kwa rimoti? Au nivute mkono wa ndani moja kwa moja?