Naomba ushauri: mtoto wa darasa la kwanza, imla ya Ijumaa na sala za Kiingereza

Habari za majukumu wapendwa. Tunaishi Ohio, Marekani, na binti yetu ameanza darasa la kwanza kwenye shule ya parokia. Kila Jumatatu anarudi na bahasha yenye orodha ya maneno na sala ya kukariri. Katikati ya wiki wanakwenda Misa shule nzima, Ijumaa ni imla.

Misa haina shida, anaipenda mno, hasa wimbo wa mwanzo. Tatizo ni imla. Kusoma alifundishwa na bibi yake kwa silabi, ba be bi bo bu, kwa hiyo anaandika anavyosikia: said anaandika sed, was anaandika woz. Mwalimu anashauri nyumbani tuongee Kiingereza tu. Mimi sikubaliani kabisa, ila baba yake ameanza kuyumba. Na huku Komunyo ya Kwanza ni darasa la pili, kwa hiyo sala wanazikazia kweli. Baba Yetu anaijua mpaka "utuopoe maovuni" bila kukwama, lakini kwa Kiswahili.

Wenye watoto ugenini, mlifanyaje? Mlifundisha sala kwa lugha zote mbili pamoja, au mliacha moja itangulie? Na hayo maneno yasiyoandikwa yanavyotamkwa, kuna mchezo wowote wa kumkaririsha bila jioni kuishia kwenye machozi? Sisi tulikaririshwa kwa kiboko, hiyo msiniambie.