Mbwa wananikatisha mbio za asubuhi, nifanyeje?

mkimbia_alfajiri
Wakuu, wiki ya tatu hii nabadili njia kwa ajili ya mbwa wawili. Nakimbia saa kumi na moja na nusu, bado kuna kiza. Nikifika kwenye geti moja wanapenya kwa chini na kunitokea. Mweusi anabweka tu, huyo sina shida naye. Wa kahawia habweki. Anakuja kimya, kichwa ameinamisha, manyoya ya mgongo yamesimama. Juzi alinidaka suruali kifundoni, nikachomoka mbio, nikaanguka. Nina mchubuko tu. Kuacha mazoezi sitaki, kuwapiga mawe pia sitaki. Mnafanyaje wenzangu?

miguu_na_magurudumu
Pole sana ndugu yangu. Kabla ya mengine, huo mchubuko ni wa kuanguka au wa jino? Uangalie vizuri kwenye mwanga. Mimi niling'atwa shavu la mguu nikiwa kwenye baiskeli, vitundu viwili kama vya sindano, nikaona si kitu. Mke wangu ndiye aliyenikalisha bombani, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha akanipeleka hospitali. Nilichomwa chanjo siku hiyohiyo, nikarudi siku ya 3, ya 7 na ya 14. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini virusi huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya dalili, kwa hiyo juzi si mbali. Nenda leo.

Halafu usimkimbie tena. Mbwa akiona kitu kinakimbia, hamu ya kufukuza inampanda hapohapo. Mimi nashuka, baiskeli naiweka kati yetu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye siti, akizunguka nazunguka naye. Simkazii macho. Namwambia "Rudi!" mara moja kwa sauti nzito, kisha narudi kinyumenyume taratibu. Wengi wanakomea pale wanapoona eneo lao limeisha. Wewe wa miguu, simama upande upande, mikono karibu na mwili. Akikuangusha, jikunje na ufunike shingo na uso.

mfugaji
Nafuga mbwa watatu, na nasema wazi kosa ni la mwenye geti. Mfuate mchana, mwonyeshe suruali, umuulize cheti cha chanjo. Huyo wa kahawia afungiwe na aangaliwe siku 10. Ila wewe usingoje zifike ndipo uende hospitali. Akikataa, mpeleke kwa viongozi wa eneo, maana kesho atapita mtoto hapo.

mkimbia_alfajiri
Nimewasha taa nikaangalia. Goti ni la kuanguka. Ila kifundoni kuna mstari mwembamba, kama wa kucha, na soksi ina tone la damu lililokauka. Nimeshaosha. Naelekea hospitali sasa hivi.