Kope zina ukungu kwenye tableti, ila faili ni 4096. Nimekosea wapi?

KalamuButu

Wakuu, salaam. Najua swali la tekscha (picha inayovalishwa modeli ya 3D) yenye ukungu limechosha watu humu, ila langu lina kituko chake, nivumilieni.

Namtengeneza bibi kizee, modeli ya 3D ninayoichora kwenye tableti. Mabinti wenye macho makubwa wamejaa kila mahali. Mimi nataka bibi wa miaka themanini, mikunjo pembeni mwa macho, na kope chache zilizobaki, ambazo nimezichora moja moja. Tekscha ya uso ni pikseli 4096 kwa 4096. Brashi ya kope niliiweka pikseli tatu. Sasa nikishachora na kuinua kalamu, mstari unakaa vizuri kidogo tu, halafu unafifia wenyewe, unakuwa kama moshi wa kibatari. Nikadhani mkono wangu ni mwepesi. Nikapandisha brashi mpaka pikseli nane, nikarudia kope zote, jicho la kulia siku ya kwanza, la kushoto siku ya pili. Kwenye tableti akapendeza kweli kweli.

Jana nimefungua faili lilelile kwenye kompyuta. Bibi wa watu amepakwa masizi! Kope kama miguu ya mende.

Modeli ina tekscha nne: uso, mwili, nywele na nguo, zote 4096. Ya uso peke yake ina leya (tabaka za kuchorea) kumi. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya tableti ni gigabaiti 4. Kwenye mipangilio nimeona sehemu ya resolusheni ya kuonyesha tekscha, iko kwenye otomatiki. Sijaigusa, naogopa nisije nikaharibu na kilichobaki.

Mzee_wa_Leya

Tableti haiwezi hiyo kazi mkuu. Shusha faili lote liwe 1024 uendelee na maisha.

NuktaMoja

KalamuButu, tafadhali usishushe faili. Mzee_wa_Leya nakuheshimu, ila ushauri huo ungemmaliza huyu mwenzetu. Faili likitoka 4096 kwenda 1024, katika kila pikseli 16 inabaki moja. Ukilipandisha tena, programu inakisia tu, kope hazirudi.

Kinachokusumbua ni kwamba unachokiona si faili lako. Piga hesabu: 4096 mara 4096 mara baiti 4 ni megabaiti 64 kwa tekscha moja isiyobanwa. Nne ni 256. Ongeza theluthi nyingine ya nakala ndogondogo zinazotumika modeli ikiwa mbali, umefika kama 341. Halafu uso wenye leya kumi, kila leya ikishikiliwa nzima, ni 640 zaidi. Na hizo gigabaiti 4 si zako peke yako, mfumo wa tableti nao unakula humo humo. Kwa hiyo programu ikiwa kwenye otomatiki inatengeneza nakala ndogo na kuivalisha modeli. Unapochora unaona mchoro wenyewe. Ukiinua kalamu unavalishwa nakala. Ndiyo maana mstari unafifia baada ya muda.

Kama nakala ni 1024, kila upande umegawanywa kwa nne. Mstari wako wa pikseli tatu umebaki robo tatu ya pikseli. Hauwezi kuonekana mweusi, lazima uchanganyike na rangi ya ngozi. Ule wa nane ukawa pikseli mbili kamili, ukapendeza. Mkono wako hauna kosa, ulikuwa unachora kwa kufuata kioo kibaya.

Kuhakikisha, fungua leya mpya, tafuta kona ya tekscha ambayo haitumiki lakini unaweza kuiona, au hata paji la uso, chora vijiraba vya pikseli mojamoja, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe. Sogea karibu kabisa. Ukiona vijiraba, unatazama tekscha kamili. Ukiona kijivu kitupu, ni nakala. Ukimaliza futa leya.

Sehemu uliyoiogopa haigusi faili. Inabadilisha kinachoonyeshwa tu. Ya kuogopa ni ile ya ukubwa wa tekscha yenyewe, na ile inayokuja wakati wa kutoa faili nje ya programu. Majina yao yanafanana sana, soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Mzee_wa_Leya

Nimekosolewa, nakubali. Ila 4096 muda wote nayo ni kujitesa. Skrini ya iPad Pro ya inchi 11, zile za kabla ya 2024, ni pikseli 2388 kwa 1668. Ukiilaza na bibi akasimama mzima, kimo chake hakizidi 1668, na kichwa cha mtu ni kama sehemu moja ya saba na nusu ya kimo. Uso wote umepewa pikseli 220 hivi. Hapo hata 1024 ni anasa. Panda juu unapokaribia jicho tu.

KalamuButu

Nimerudi. Vijiraba vilikuwa kijivu, kijivu kabisa kama uji wa majivu.

Nikapandisha maonyesho hadi 4096 kwa pupa, kila kitu kikiwa wazi, programu ikajifunga yenyewe. Bahati nilikuwa nimehifadhi. Mara ya pili nikaficha mwili na nguo, nikaunganisha leya sita za ngozi ambazo sizigusi tena, ndipo nikapandisha. Imekubali. Tableti inapata joto mkononi, ila kope naziona kama zilivyo. Nimezifuta zote za pikseli nane (siku mbili zangu hizo) na nimechora upya jicho la kulia kwa pikseli tatu. Nikipanga mkao wa mwili narudi 1024 kama Mzee alivyosema.

Kimoja kimebaki. Nywele za mvi pembezoni mwa paji, zile nyembamba, nikimsogeza bibi mbali zinapotea. Hazifanyi ukungu, zinatoweka. Na hapo maonyesho ni 4096.

NuktaMoja

Hiyo ni habari nyingine. Nyuzi za nywele zimekatwa kwa uwazi (sehemu za picha zisizo na rangi, zinazoonyesha kilicho nyuma), na modeli ikiwa mbali zinatumika zile nakala ndogo. Uzi mwembamba ukichanganywa na uwazi ulio pembeni yake, thamani yake inashuka chini ya kiwango cha kukatia, programu inaufuta. Tafuta kiwango hicho kwenye materiali ya nywele (mipangilio ya jinsi zinavyoonyeshwa), kiko nusu mara nyingi. Kishushe kidogo kidogo mpaka nyuzi zirudi. Ukizidisha utaona ukingo mchafu kuzunguka nywele, hapo rudi nyuma hatua moja.

KalamuButu

Kutoka 0.5 hadi 0.3, mvi zimerudi. Naenda jicho la kushoto.